Mlango wa Kushoto

Jumanne, 14 Julai 1970. Kambini.

Lorna amenipa daftari hili. Anasema mume anayerudi nyumbani kila Jumatatu bila neno mdomoni, afadhali aongee na karatasi. Haya, karatasi. Mimi ni Anton Rusnak, umri miaka thelathini na minne, mlinzi wa kushoto wa timu ya Nyundo, mji wa Calder, katika mpira wa Kimarekani, ule wa kubebwa na kurushwa kwa mikono. Huu ni mwaka wangu wa kumi na moja. Pua imevunjika mara nne. Magoti yote mawili ni ya kuazima.

Ligi yetu imekufa. Magazeti yanasema ligi mbili zimeungana. Nyoka akimmeza chura, nao wameungana. Miaka kumi wale wakubwa walitucheka, wakasema sisi ni mabaki waliyoyatupa. Sasa tutacheza nao kwa sheria zao, na nembo yao tumeshonewa kifuani. Mwenye timu hakuridhika na hayo. Ametununulia mrusha mpira kutoka kwao.

Jumatano, 15 Julai.

Amefika. Garrett Lindqvist, miaka ishirini na tisa, meno yote kamili. Januari iliyopita aliulizwa na mwandishi anaionaje ligi yetu, akajibu: "Ile ni ligi ya wauza maziwa. Wanaamka mapema, wanajitahidi sana, halafu wanamwaga." Watu wa Calder wanaijua sentensi hiyo kuliko wanavyojua sala.

Jioni alipoingia kwenye bwalo la chakula, kila mmoja wetu alikwishaweka bilauri ya maziwa kwenye meza aliyotengewa yeye. Bilauri arobaini. Akazitazama. Akachukua moja, akanywa yote taratibu, akafuta midomo.

"Imechacha kidogo," akasema.

Hakuna aliyecheka isipokuwa Cleophus Yancey, mkimbiaji wetu. Yancey hucheka anapotaka.

Lindqvist akaja kukaa karibu nami. "Wewe ndiye Rusnak? Basi mimi na wewe tutaoana."

Nikaendelea kula. Lakini ni kweli. Mtu anayerusha kwa mkono wa kulia, akirudi nyuma kutafuta wa kumpa mpira, mgongo wake hunigeukia mimi. Anayemjia kutoka upande wangu hamwoni. Jicho lake la mgongoni ni mimi. Kwa miaka kumi nimekuwa jicho la Roy Tillery, mrusha mpira wetu. Tulianza naye kwenye uwanja wa shule, watazamaji elfu tatu na mbwa wawili. Roy alinisimamia harusi yangu. Wanangu wanamwita mjomba.

Ijumaa, 24 Julai.

Jua. Mazoezi mara mbili. Nimepungua ratili tisa. Watu wawili wametapika, mmoja juu ya kiatu changu.

Alhamisi, 27 Agosti.

Kocha Brandt ametangaza. Lindqvist ataanza, Roy atakaa benchi. Alisoma jina kama mtu anayesoma bei ya mbolea, wala hakuinua macho. Kila mtu anajua ni amri ya mwenye timu, na Brandt hapendi kuamriwa.

Roy alikuwa akifunga kamba za viatu. Vidole viwili vya mkono wake wa kulia havikunjiki tena, kwa hiyo hufunga polepole. Akamaliza, akasimama, akampa Lindqvist mkono mbele ya wote. Uungwana huo ulinichoma kuliko matusi.

Baadaye akaniambia, "Mlinde vizuri, Anton."

"Nitamlinda kama kazi."

"Basi, kama kazi."

Jumapili, 20 Septemba.

Mechi ya kwanza, nyumbani. Tumefungwa 27 kwa 10. Lindqvist ameangushwa mara sita, hata mara moja si kwa upande wangu. Watu wetu wenyewe walimrushia maboksi ya maziwa kutoka majukwaani. Moja lilimpasukia begani. Aliitisha mchezo uliofuata (mchezo, kwetu, ni mbinu ya shambulio moja) huku maziwa yakimtiririka mkononi, sauti yake haikubadilika.

Jumatatu, 21 Septemba.

Siwezi kuinua kikombe. Lorna amenishikia.

Jumapili, 4 Oktoba.

Tumefungwa tena. Leo nimeona jambo.

Mlinzi wa kulia, Merle Hodge, alimfungulia Lindqvist mlango. Kufungua mlango, kwa lugha yetu sisi wa ukutani, safu ya walinzi inayomkinga mwenye mpira, ni kumwacha adui apite kana kwamba amekushinda. Unachelewa kidogo, mguu unateleza, bega linakosa kifua. Ukilifanya vizuri hata mama yako hataliona. Hodge hakulifanya vizuri. Lindqvist alibebwa akabwagwa kama gunia, akakaa chini akitafuta helmeti yake kwa mikono kama kipofu.

Bafuni Hodge alikuwa anacheka. "Nimeteleza, jamani! Nadhani mtu kamwaga maziwa."

Wengi walicheka. Mimi pia. Naandika hapa kwa sababu Lorna alisema niandike ukweli: mimi pia nilicheka. Lindqvist alikuwa bafu la tatu kutoka langu, akajiosha damu puani, akatoka.

Jumatano, 7 Oktoba.

Yancey amenifuata kwenye meza ya kufungwa bendeji.

"Kaka Anton, ule mchezo wenu wa mlango..."

"Si wetu. Ni wa Hodge."

"Nimezaliwa mtu mweusi Mississippi. Nilikua nikiingia kila mahali kwa mlango wa nyuma. Aliyeusimamia hakukubali kamwe kuwa ni wake. Kila mmoja alikuwa akisema si wangu, ni wa fulani." Akavuta soksi zake. "Mimi simpendi yule Mswidi Lindqvist. Lakini nikipewa mpira mimi, ukuta ni uleule."

Nikamwambia bendeji inanibana.

Jumapili, 11 Oktoba.

Ugenini. Mvua tangu asubuhi, uwanja umekuwa bwawa la nguruwe. Dakika ya tano Lindqvist alivunjika mbavu, niliusikia mlio. Daktari alitaka kumtoa. Akamwambia, "Funga tu, funga kwa nguvu," akarudi. Kila akirusha alikuwa akitoa sauti ndogo, kama mtu anayekanyaga mwiba na hataki mwenyeji wake ajue. Tukashinda kwa pointi moja. Ushindi wetu wa kwanza juu ya wakubwa.

Kwenye ndege alikaa kando yangu, amenyooka kama ubao.

"Rusnak, umeshawahi kunifungulia mlango?"

Kumbe analijua hata neno lenyewe.

"Bado," nikasema.

Akaanza kucheka, mbavu zikamkataza. "Usinichekeshe, mshenzi wewe."

Alhamisi, 15 Oktoba.

Baada ya mazoezi Lindqvist ameniita pembeni. Anasema kila tunapotaka kurusha, mimi hutanguliza uzito kwenye vidole vya mguu wa nje, na kila timu ya ligi yake ya zamani inalijua hilo. Walishalichora kwenye karatasi zao. Miaka kumi na moja! Nilimwambia sihitaji kufundishwa kusimama na mtu aliyeanza kunyoa juzi.

Kisha nikaenda nyuma ya banda la vifaa nikajaribu peke yangu. Amesema kweli, mwanaharamu yule.

Jumapili, 18 Oktoba. Tumeshinda.

Jumapili, 25 Oktoba. Tumeshinda. Yancey amekimbia yadi mia na arobaini. Hakuna aliyerusha boksi.

Jumatatu, 2 Novemba.

Jana tulifungwa kwa bahati mbaya, lakini leo nataka kuandika juu ya chakula. Lorna alimwalika Lindqvist bila kuniuliza. "Mtu hana mke, hana nduguye mjini, na unalala ukilitaja jina lake," alisema. Eti nalitaja usingizini: Garrett, shuka! Garrett, kulia!

Akaja na maua ya sokoni. Akala kabichi na soseji sahani mbili, akaosha vyombo. Watoto walimpanda mgongoni mpaka nikawakemea kwa sababu ya mbavu.

Nikamuuliza juu ya ile sentensi. Nilidhani atasema mwandishi alimgeuzia maneno; ndivyo wote husema.

"Niliisema," akajibu. "Nilikuwa mjinga na nilikuwa nimevimba kichwa. Sikuwa nimemwona hata mmoja wenu akicheza. Usinitafutie udhuru, Anton. Nimejaribu kuutafuta mwenyewe, haupo."

Alipoondoka Lorna alisema, "Huyu ni mtu." Nikakubali. Nilijihisi kama nimemwibia Roy kitu.

Jumapili, 8 Novemba. Ushindi. Mkono wa kushoto umekufa ganzi.

Jumapili, 15 Novemba. Ushindi. Watu sasa wanaliimba jina lake. Kocha Brandt hakuimba. Lindqvist alibadilisha michezo mitatu ya kocha pale uwanjani, na yote mitatu ilizaa pointi. Waandishi wakamzunguka yeye. Kocha akabaki mlangoni na karatasi zake mkononi, hana wa kuzungumza naye.

Jumanne, 17 Novemba.

Wamemwondoa Roy.

Kocha msaidizi alikuja chumba cha kuvalia saa tatu asubuhi, wote tukiwapo, akasema ile sentensi kila mchezaji anaiogopa: "Tillery, kocha anakuita. Njoo na kitabu chako." Kitabu cha mbinu. Ukiambiwa uje nacho, hurudi nacho.

Hakukaa humo hata dakika nne. Akatoka, akaanza kutoa vitu vyake kabatini: viatu, picha ya watoto, mafuta ya misuli. Miaka kumi na moja ilitosha kwenye mfuko wa karatasi wa dukani. Watu wakainamisha vichwa kama vile ana ugonjwa wa kuambukiza. Ndivyo tulivyo. Aliyeondolewa hatumtazami usoni, tusije tukaondolewa naye.

Nilimbebea mfuko mpaka kwenye gari. Alikaa nyuma ya usukani, hakuwasha. Mabega yakaanza kumtikisika. Sijawahi kumwona Roy akilia, hata siku vidole vilipovunjika.

Alhamisi, 19 Novemba.

Nilikwenda kwa kocha. Nilisema sina haki ya kuuliza, lakini nauliza: zimebaki mechi tano, Roy alikuwa anamdhuru nani kule benchi?

Brandt akapanga upya karatasi zake mezani. Ni mtu mdogo, mikono kama ya mwanamke wa kufuma.

"Aliyetaka aondoke si mimi," akasema. "Kamuulize mrusha mpira wako. Anasema yule mzee akiwa pembeni, watu wanamkumbuka. Alikwenda moja kwa moja kwa mwenye timu."

"Garrett alisema hivyo?"

"Mimi ni nani hapa, Anton? Mimi napokea maagizo tu."

Nilipaswa kumuuliza Garrett. Alikuwa mita ishirini kutoka pale, akivaa viatu. Aliponiona alipunga mkono. Nikapita kana kwamba sikumwona.

Ijumaa, 20 Novemba.

Nimemtembelea Roy. Nyumba inanuka wiski mchana kweupe. Jumapili tunacheza ugenini, Harmon, mji wa zamani wa Lindqvist, dhidi ya timu yake ya zamani. Roy alikuwa na karatasi ya ratiba mezani, ameizungushia duara tarehe hiyo.

Nikamweleza alichoniambia kocha. Akasikiliza, akizungusha bilauri.

"Fungua mlango," akasema.

"Roy!"

"Mara moja tu. Mbele ya watu wake. Miaka kumi nimekupa mgongo wangu, Anton. Nimeshakuomba nini mimi? Nitajie kitu kimoja nilichokuomba."

"Unajua nani atakuwa upande wangu Jumapili. Ni Pruett."

"Namjua Pruett."

"Basi unajua anachofanya akimpata mtu kwa nyuma."

"Najua," Roy akasema. "Kwani vidole hivi alivivunja nani?"

Nilisema hapana. Nikasema hapana mara ya pili mlangoni. Naliandika hilo ili lijulikane nililisema.

Jumapili, 22 Novemba.

Nimefanya.

Nitaandika lilivyokuwa, halafu sitaliandika tena. Uwanja wa Harmon una nyasi za bandia, zulia la kijani juu ya saruji. Hewa baridi, kavu, hata tone la mvua. Zikiwa zimebaki dakika tatu tulikuwa tunaongoza 17 kwa 14. Pruett alinijia mara ishirini na mara ishirini nilimzuia. Ni mtu mrefu, ananuka karafuu, hasemi kitu. Kwenye duara letu la kupanga mchezo, Garrett alikuwa anang'aa. Watu wake wa zamani walikuwa wakimzomea na yeye alikuwa anafurahi kama mtoto. Akanipiga kofi kwenye helmeti: "Dakika tatu tu nyingine, Anton, halafu twende nyumbani kwa kabichi ya Lorna!"

Hapo ndipo nilipokata shauri. Ningetaka kusema nilikuwa na hasira. Sikuwa na hasira. Nilimwona amefurahi, nikamkumbuka Roy kwenye gari, na kitu ndani yangu kikawa baridi na chepesi sana. Alitaja jina la mke wangu kama mtu wa nyumbani, na Roy ndiye aliyekuwa mtu wa nyumbani.

Mpira ukatoka. Pruett akaja. Nikampa bega nusu, mguu ukarudi nyuma kidogo. Nilihisi upepo wake alipopita. Sikugeuka. Nilikuwa na nafasi ya kupiga kelele, tuna neno la kumwonya mrusha mpira, neno moja fupi. Nililishikilia mdomoni kama jiwe.

Garrett alikuwa ameinua mkono kurusha. Pruett alimpata pale pale, mkono ukiwa juu nyuma ya sikio, akaanguka naye na uzito wote ukatua kwenye kiwiko. Ukuni mkavu haulii hivyo. Ulilia kama kitambaa kizito kikichanwa. Kisha nikamsikia. Watu elfu hamsini wakanyamaza, nikamsikia yeye peke yake.

Mkono ulikuwa umelala upande ambao mkono haulali. Nilipiga magoti karibu naye, kwa sababu walikuwa wakitazama. Macho yake yakanipata.

"Sikumwona," akasema. "Anton, sikumwona kabisa."

"Nimeteleza," nikasema.

Tulishinda 17 kwa 14.

Jumatatu, 23 Novemba.

Filamu. Chumba giza, mashine inakoroma. Kocha Brandt alipofika kwenye mchezo ule aliupitisha, akaurudisha, akaupitisha. Mara kumi na moja; nilihesabu. Kwenye filamu hakuna sauti. Mimi nasogea kando, kwa adabu kabisa, kama bawabu wa hoteli. Pruett anapita. Mkono unavunjika. Mkono unaungana. Pruett anarudi kinyumenyume, mimi nafunga mlango. Mimi nafungua mlango.

Walioona walijua. Watu wa ukutani hawadanganyiki. Hodge alikohoa.

Taa ikawashwa.

"Rusnak, uliteleza," kocha akasema.

"Ndiyo, kocha."

"Uwanja ulikuwa na maji."

Hakuna hata mmoja aliyesema uwanja ulikuwa mkavu kama mfupa. Watu arobaini. Yancey aliinuka, akabeba kiti chake, akakihamishia upande wa pili wa chumba, akakaa tena.

Jumanne, 24 Novemba.

Madaktari wanasema mishipa imekatika. Mkono utabaki, ila vidole havitafumba tena.

Saa tano kocha alimpigia simu Roy. Saa nane Roy alikuwa kabatini pake, anarudisha picha ya watoto.

Jumapili, 29 Novemba.

Nyumbani. Tumeshinda. Roy alipotoka chini ya jukwaa watu walisimama, wengine walilia. Hakuna aliyemgusa siku nzima. Nimecheza vizuri kuliko nilivyowahi kucheza maishani.

Jumapili, 6 Desemba. Theluji. Tumefungwa. Yancey hajasema nami neno siku kumi na tatu.

Jumatano, 9 Desemba.

Kocha aliniita ofisini. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue alinimiminia kahawa. Anataka nibaki mwaka mwingine, karatasi za mkataba atazitayarisha. Alikuwa mkunjufu sana.

"Mwenye timu alinichagulia mrusha mpira," alisema. "Sasa atajifunza kuniachia kazi yangu. Yule bwana kila tukishinda, alishinda yeye. Tukishindwa, nilishindwa mimi."

Nikasema, sijui kwa nini nilisema, "Sikufanya kwa ajili yako, kocha. Nilifanya kwa ajili ya Roy. Kwa vile Garrett alimfukuzisha."

Brandt akaacha kukoroga.

"Garrett? Garrett alikaa kwenye kiti hicho hicho unachokalia akinisihi nimwache Tillery. Nusu saa nzima. Alisema yule mzee anaona uwanja kuliko sisi sote. Roy nilimwondoa mimi."

"Uliniambia..."

"Nilikuambia." Akanywa kidogo. "Ningekwambia ukweli ungefanya nini? Ungekwenda nyumbani ukalale. Kazi ya kocha, Anton, ni kujua kila mtu husukumwa na nini. Wewe si mgumu. Na usinitazame hivyo. Mimi nilisema maneno tu. Aliyesogea kando si mimi."

Nilimaliza kahawa. Hata hilo nalo naliandika: niliimaliza.

Alhamisi, 10 Desemba.

Nilimkuta Roy peke yake akikata bendeji miguuni. Nikamwambia yote. Nilifikiri atapasuka, atakwenda kumvunja Brandt shingo, na mimi ningemshikia mikono.

Aliendelea kukata.

"Garrett alinipigia simu Jumatano ile," akasema mwishowe. "Siku moja baada ya kuondolewa. Akaniambia amekwenda kuniombea kwa kocha, imeshindikana, anasikitika."

Ilinichukua muda kuhesabu siku. "Jumatano. Na Ijumaa ndipo uliponiomba."

"Ndiyo."

"Ulijua si yeye. Nimekaa jikoni kwako, nakueleza uongo wa Brandt, na wewe unajua ni uongo."

"Nilijua."

"Basi kwa nini, Roy? Mtu aliyekutetea!"

Akatupa mkasi sakafuni. "Kwa sababu alinitetea! Mimi! Yeye aniombee *mimi*! Nilijenga timu hii na mikono hii, halafu kijana yule anakwenda kunipigia magoti kama ombaomba! Ungeweza kuishi na hilo? Ungeweza?"

Mtu niliyemjua miaka kumi na moja. Nilimwangalia vidole vyake viwili vilivyosimama kama vya sanamu, nikagundua kwamba hata sasa, hata baada ya hayo, Jumapili nitamlinda. Sijui njia nyingine ya kusimama.

Jumapili, 13 Desemba. Tumeshinda. Roy hakuguswa.

Jumapili, 20 Desemba. Mwisho wa msimu. Tumefungwa, tumebaki nje ya fainali kwa mechi moja. Watu wamempigia Roy makofi mpaka taa zikazimwa.

Jumatatu, 28 Desemba.

Sikuandika siku nane. Nimetoka Minnesota, mwendo wa saa saba kwenye theluji, saa saba za kurudi.

Garrett yuko kwa mama yake, shambani. Mama mwenyewe alinifungulia, mwanamke mfupi, mjane, aproni na viatu vya kiume. Nilipotaja jina langu akanishika mikono yote miwili.

"Rusnak! Yule aliyeteleza. Ingia mwanangu, ingia, baridi hiyo. Mtangazaji kwenye televisheni alieleza. Nimekuombea na wewe pia. Nilisema, kijana yule lazima anaumia moyoni."

Garrett alikuwa mezani. Amekonda. Mkono wa kulia uko mapajani kama kitu cha mtu mwingine alichoombwa akishike. Shati lake lilikuwa limefungwa kifungo kimoja mpaka kingine vizuri sana, na nikaelewa ni nani aliyevifunga.

Hakunisalimu. Mama akaniwekea sahani: viazi, nyama ya kusaga iliyoviringwa, mchuzi. Akasimama juu yangu mpaka nikala. Akazungumza juu ya ng'ombe, juu ya barabara, juu ya daktari mmoja wa mjini mwenye dawa mpya. Garrett alikuwa ananitazama tu.

"Nimeiona filamu," akasema. "Yancey aliipata, akaniletea."

"Garrett, nimekuja ku..."

"Usiniambie mimi. Mimi najua. Mwambie mama."

"Aniambie nini?" mama akauliza.

"Mwambie, Anton. Amekuombea mwezi mzima. Ana haki ya kujua alikuwa anamwombea nani."

Uma ulikuwa mkononi mwangu. Nikaulaza. Nikamwambia mwanamke yule kwamba sikuteleza. Nikamwambia uwanja ulikuwa mkavu, kwamba niliyemwacha apite nilimjua na nilijua anachofanya, kwamba kuna neno la kuonya na sikulitamka. Nilianza kumweleza habari za Roy na kocha, Garrett akasema, "Hayo ni yako. Ishia hapo." Nikaishia hapo.

Mama alikunja pembe ya aproni yake. Kisha akaniuliza, kwa sauti ileile aliyoniulizia kama nataka chumvi:

"Ulijua kwamba ataumia hivi?"

"Ndiyo, mama."

"Usiniite mama."

Akaichukua sahani mbele yangu, chakula kikiwa nusu. Akafungua mlango wa nyuma, akakimwaga thelujini kwa mbwa. Akairudisha sahani, akaiosha, akaikausha. Akaiosha tena. Hakunitazama tena.

"Sasa nenda," Garrett akasema.

Nikaenda.

Lorna alikuwa macho kwenye ngazi za mbele niliposimamisha gari, shali kichwani, theluji mabegani. Nikamsimulia yote pale pale nje, kuanzia chumba cha kocha mpaka sahani. Hakunigusa. Aliuliza jambo moja tu: kama nimeacha mpira.

Nikamwonyesha mkataba. Ulikuwa kwenye mfuko wa koti, ulikwenda nami Minnesota na kurudi. Nilikwishausaini Jumamosi.